Pweza wa mikono munane: namna ya kumchora, kumpaka rangi na kumtengeneza pamoja na watoto

Pweza ni mnyama wa bahari. Mu ziwa Kivu hayuko, mu Tanganyika hayuko, mu ziwa Edouard na Albert hayuko, na mu mto Congo vilevile hayuko. Duniani kuna aina karibu 300 za pweza, na zote zinaishi mu maji ya chumvi. Inchi yetu iko na pwani moja tu ya bahari, kule Moanda mu Kongo Central, yenye urefu wa kilometa kama 40. Kutoka Goma mpaka Moanda, ukipiga mstari wa moja kwa moja, ni karibu kilometa 1,900. Bahari ya Hindi, upande wa Mombasa, iko karibu zaidi: kama kilometa 1,200.

Hata hivyo, watoto wetu wanamjua kwa sura. Yuko mu filme za katuni, juu ya nguo za mitumba, juu ya mabegi ya masomo, na mu kurasa za kupaka rangi zenye wazazi wanatafuta mu telefone. Na jina lake ni la Kiswahili. Lilitoka pwani, kule Kenya, Tanzania na Zanzibar, kwenye wanawake wanaingia mu miamba wakati maji ya bahari yanashuka, wanamtafuta pweza mu matundu kwa fimbo, kisha wanamuuza ao wanampika. Kiswahili kilipanda mpaka kwetu, neno likaja nacho, mnyama mwenyewe akabaki kule. Mu Kifaransa cha masomo, mtoto atamkuta kwa majina mawili, pieuvre na poulpe. Asichanganyikiwe: ni mnyama yule yule.

Habari hii ni kwa wazazi, walimu, na yaya wenye wanachunga wadogo wao. Inaonyesha namna ya kufanya kazi za pweza nyumbani, mu kalasi, ao mahali kwenye familia zilikimbilia, bila kununua karatasi zenye zimechapwa tayari. Fotokopi moja ni pesa. Ukiwa na watoto 60 mu kalasi, ni ile pesa mara 60. Kitu chenye kinahitajika zaidi si fotokopi. Ni kumjua pweza sawasawa, na kujua kuhesabu mpaka munane.

Pweza yuko namna gani kweli

Michoro mingi ya pweza iko na makosa. Utakuta moja iko na mikono sita, nyingine iko na pua, nyingine iko na mdomo wa kucheka chini ya macho. Mtoto si lazima achore sawa vile mwalimu wa biolojia, lakini mtu mkubwa mwenye anamuongoza ajue ukweli, juu mtoto atauliza.

Mikono: ni 8. Chini ya kila mkono kuna vikombe vidogo vya kunyonya na kushika. Mkono wa pweza ukikatwa, unaota tena polepole.

Kichwa: ile sehemu kubwa ya mviringo yenye watu wanaita kichwa, kweli ni mfuko wenye unabeba tumbo na mioyo yake. Macho yako chini ya ule mfuko, karibu na mahali mikono inaanzia.

Mdomo: hauonekani mbele. Uko chini, katikati ya mikono yote, na ni mgumu sawa vile mdomo wa kasuku.

Mifupa: hana hata mmoja. Njo maana pweza mkubwa anaweza kujipenyeza mu tundu ndogo sana. Kile kidomo kigumu kikipita, mwili wote unapita.

Mioyo: ni 3. Miwili inasukuma damu kwenye matamvua, mahali anavutia pumzi. Wa tatu unasukuma damu mu mwili wote.

Damu: ni ya bluu. Damu yetu sisi inabeba hewa kwa nguvu ya chuma, njo maana ni nyekundu. Ya pweza inabeba hewa kwa nguvu ya shaba, ile shaba yenye wanachimba kule Kolwezi na Likasi.

Akili: yuko na chembe za neva karibu milioni 500, na nyingi kati ya hizo haziko mu kichwa, ziko mu mikono. Kila mkono unaweza kutafuta na kugusa vitu sawa vile uko na akili yake.

Rangi: mu ngozi yake kuna vifuko vidogo sana vyenye rangi. Misuli ikivuta kile kifuko, rangi inatanuka na kuonekana. Misuli ikiachilia, rangi inajificha. Pweza anabadilika kufuatana na jiwe ao mchanga kwenye yuko, na inachukua chini ya sekunde moja.

Wino: akishambuliwa anatoa wino mweusi mu maji, adui asione, yeye anakimbia.

Mama pweza: anataga mayai mu tundu, anayalinda na kuyapepea maji bila kula, na mayai yakianguliwa, yeye anakufa. Pweza wa kawaida anaishi mwaka 1 ao 2 tu.

Wapenzi wa mpira wanaweza kumkumbuka Paul, pweza mwenye alikuwa anachungwa kule Oberhausen, Ujerumani. Wakati wa Kombe la Dunia la 2010 mu Afrika Kusini, walikuwa wanamwekea masanduku mawili yenye chakula, kila moja na bendera ya timu. Sanduku lenye anafungua kwanza njo timu yenye "itashinda". Alisema sawa mara 8 juu ya 8, pamoja na finali yenye Hispania ilishinda. Haikuwa uchawi, ilikuwa bahati. Lakini ni hadithi nzuri ya kuanzia na watoto wakubwa.

Neno moja kwa watoto wa Uvira, Baraka na Kalemie. Mu ziwa Tanganyika kuna kanyama kadogo kenye kanaonekana sawa vile maji yenyewe, ka mviringo kama sarafu, na nyuzi nyembamba pembeni. Kale si mtoto wa pweza. Ni mnyama mwingine kabisa, wenye ndugu zake wengi wako baharini.

Sababu gani pweza anafaa kwa kazi ya mikono

Kwanza, mwili wake ni rahisi. Mviringo mmoja na mistari munane, basi. Mtoto wa miaka 3 kwa kawaida anaanza kuweza kuchora mviringo. Kwa hiyo anaweza kuchora pweza mbele hajaweza kuchora mbuzi ao nyumba. Anaona amefaulu, na mwenye amefaulu anapenda kurudilia.

Pili, ile namba 8 ni mwalimu. Mikono 4 huku na 4 kule. Tano zenye zinaonekana na tatu zenye zimejificha nyuma ya jiwe. Pweza wawili, mikono 16. Karatasi ukiikunja katikati mara moja, inatoa sehemu 2. Mara mbili, sehemu 4. Mara tatu, sehemu 8. Mtoto mwenye ameikunja kwa mikono yake mwenyewe hasahau.

Tatu, kukata vipande vyembamba, kusuka, kufinyanga vikombe vidogo na kupaka rangi bila kutoka nje ya mstari, vyote vinatia nguvu mu vidole. Na vidole vyenye nguvu njo vinashika biki vizuri. Kwa mtoto mwenye masomo yake yalikatika kwa miezi, hiyo si mchezo tu. Ni namna ya kulinda mkono wake usisahau kazi ya kuandika mpaka kalasi zifunguliwe tena.

Rangi na kole bila kununua

Kreyo za rangi zikiwa, ni vizuri. Kama haziko, nyumba na soko viko na rangi.

Manjano: kijiko kidogo cha manjano ya unga, ile ya kutia mu chakula, mu maji kidogo.
Nyekundu ya kahawia: udongo mwekundu wenye umekauka, umepondwa na kuchekechwa kwa kitambaa.
Waridi: maji yenye yamechemshiwa lengalenga nyekundu ao betrave.
Nyeusi: makala yenye yamepondwa.
Kahawia: kahawa nzito ao majani ya chai.
Kijani: majani mabichi laini, unayasugua moja kwa moja juu ya karatasi.

Kwa kole, chukua vijiko 2 vya unga wa muhogo, koroga mu maji baridi kidogo mpaka madonge yaishe. Kisha ongeza maji ya kujaza glasi moja, weka kwenye moto na ukoroge bila kuacha mpaka iwe nzito na ya kuvutika. Kazi ya moto ni ya mtu mkubwa. Iache ipoe. Inaweza kukaa siku moja ao mbili, ikianza kunuka mwaga. Ukitia kole kidogo mu rangi ya udongo ao ya makala, ile rangi inashika karatasi na haitoki kama vumbi.

Mu nyumba kwenye unga ni wa kuhesabu, usitumie chakula cha watoto kwa kole. Chagua kazi za kufunga kwa kamba ao za udongo, ziko hapa chini. Bugali kidogo yenye imeshika mu chungu, ukiilainisha na maji, nayo inashikisha karatasi.

Kazi tatu za kuchora na kupaka

1. Pweza wa mikono yako. Mtoto anaweka mkono wa kushoto juu ya karatasi ao kartoni, vidole vinaangalia chini, kidole gumba kimekunjwa ndani. Mwenzake anazungusha biki kuufuata. Kisha mkono wa kuume unawekwa pembeni yake, vilevile bila kidole gumba. Vidole 4 na vidole 4, pweza amepatikana. Juu yake anachora ule mfuko wa mviringo kwa kufuata kikombe ao bakuli, anatia macho mawili, na vikombe vya kunyonya juu ya kila kidole. Ni kazi nzuri ya kuanzia, juu haihitaji mtu mwenye kujua kuchora.

2. Pweza wa siri. Chora pweza kwa buji nyeupe juu ya karatasi nyeupe, ukikandamiza kwa nguvu. Hakuna kitu kitaonekana. Mtoto anapaka maji ya manjano ao ya kahawa juu ya karatasi yote. Nta ya buji inakataa maji, na pweza anatokea mweupe katikati ya rangi. Hapo njo unaeleza namna pweza anajificha mu mawe: yuko, lakini humuoni.

3. Pweza wa kubadilika. Paka pweza rangi ya manjano na umwache akauke. Kisha chovya pamba ao kitambaa mu maji ya sabuni ya kufulia na upitishe juu ya mkono mmoja. Ile manjano itageuka nyekundu ya kahawia mbele ya macho ya watoto. Ukidondosha limau juu yake, inarudia manjano. Hiyo ni kemia ya kweli. Manjano inabadilika ikigusa sabuni, na inarudia ikigusa kitu kikali sawa vile limau. Lakini sema ukweli: pweza hafanyi vile, yeye anatumia misuli. Na mikono yenye sabuni ao limau isiguse macho.

Kazi tano za kutengeneza

1. Pweza wa karatasi moja. Chukua ukurasa wa kaye yenye imekwisha, ao gazeti. Kunja katikati mara tatu, kila mara upande ule ule, upate milia 8 ya kusimama. Fungua. Kata kufuata mikunjo kutoka chini mpaka katikati tu. Sehemu ya juu, yenye haijakatwa, ikunje iwe sawa vile bomba na ushikishe kwa kole. Ile milia 8 ya chini, izungushe mmoja mmoja juu ya biki, ibaki imejikunja. Chora macho. Anasimama mwenyewe juu ya meza.

2. Pweza wa dirisha. Juu ya kipande cha kartoni, chora pweza na umkate kwa ndani, kartoni ibaki na tundu lenye sura ya pweza. Mtoto anachukua kartoni na kuiweka juu ya kikwembe, kisha juu ya majani, juu ya ukuta, juu ya mchanga. Kila mahali pweza anachukua rangi ya kitu chenye kiko nyuma. Kwa mtoto mdogo, hii kazi inaeleza kujificha kwa pweza kuliko maneno mengi. Na kartoni moja inatumika na watoto wote wa nyumba.

3. Pweza wa kikwembe. Watoto wetu wanajua kutengeneza mpira wa sashe na kamba. Anza vile vile, lakini mpira mdogo wa kuenea mu kiganja, na uuvike kitambaa. Kata milia 12 ya kikwembe ya zamani, kila mmoja urefu wa mkono wa mtu mkubwa kutoka kiwiko mpaka ncha ya vidole. Ilaze yote juu ya mpira, ikipishana katikati sawa vile nyota. Funga kamba kwa nguvu chini ya mpira. Sasa uko na ncha 24 zenye zinaninginia. Suka tatu-tatu, sawa vile unasuka nywele, na ufunge mwisho. Ishirini na ine kugawanya kwa tatu: mikono munane. Watoto wa miaka 8 na zaidi wanaweza kufanya yote wao wenyewe, na wadogo wanashika ncha wakati wenzao wanasuka.

Kuna wamama wenye wanaweza kumtengeneza kwa uzi na krosheti. Mu mwaka wa 2013, kule Denmark, watu walianza kuwapa watoto wenye walizaliwa mbele ya wakati pweza wadogo wa uzi. Fikra ilikuwa kwamba ile mikono inamkumbusha mtoto kamba ya kitovu. Ni zawadi ya upendo, lakini si dawa. Kwa mtoto wa vile, kitu chenye kimehakikishwa ni kifua cha mama, ngozi kwa ngozi, na kufuata maneno ya muganga wa kituo cha afya. Usiache pweza wa uzi ao wa kitambaa mahali mtoto mchanga analala.

4. Pweza wa chupa. Mtu mkubwa anakata kitako cha chupa ya plastiki na kukitupa. Kwenye ule mzunguko wenye umekatwa, mtoto anatia alama kwa biki: kwanza 2 zenye kuangaliana, kisha 4, kisha 8. Mtu mkubwa anakata kutoka kila alama mpaka katikati ya chupa. Milia inakunjwa inje, na pweza ananinginizwa kwa kamba kwenye shingo ya chupa. Upepo ukipiga, anacheza. Kingo za plastiki zinakata ngozi, kwa hiyo mtoto asishike mpaka zimelainishwa kwa kusugua juu ya jiwe.

5. Pweza wa udongo. Donge moja la udongo wa kufinyanga, nyoka munane wa kubingirisha kwa viganja, na kifuniko cha biki kwa kuchapa vikombe vya kunyonya. Mkausheni mu kivuli siku mbili ao tatu, juani atapasuka. Kwa wakaaji wa Goma, Sake na pembeni ya ziwa: udongo usichukuliwe na watoto mu mashimo na mabonde yenye yanajulikana kuwa na mazuku. Ile hewa ni nzito, haina rangi, inakaa chini, na inaua mtoto mbele ya mtu mkubwa juu pua ya mtoto iko karibu na udongo. Hatari ni kubwa zaidi usiku na asubuhi mapema, wakati hakuna upepo.

Mu kalasi kubwa: watoto munane, pweza mmoja

Mwalimu mwenye ana watoto 60 hawezi kumpa kila mtu makasi. Agawanye kalasi mu vikundi vya munane-munane. Wenye wanabaki wanakuwa wapaka rangi wa mfuko na macho. Kila kikundi kinapata kartoni moja ya sabuni ao ya biskuti. Kila mtoto anapewa kipande kirefu, anatengeneza mkono mmoja tu, anaupaka rangi vile anapenda, anaandika jina lake ao herufi ya kwanza ya jina. Mwisho, mikono munane inashikishwa kwenye kichwa kimoja.

Hapo kuna masomo mengi mu kazi moja. Mtoto mmoja akikosa, pweza anabaki na mikono saba na kila mtu anaona. Mwenye anajua kukata anasaidia mwenye hajui. Mwenye ana kreyo nyekundu anaipitisha. Na pweza mmoja mkubwa ukutani anatumika wiki nzima: leo kuhesabu kwa mbili-mbili, kesho maneno ya Kiswahili na Kifaransa, kesho kutwa somo la wanyama wenye mifupa na wenye hawana.

Kama hakuna kartoni, chora na makala juu ya sima, ao na kijiti mu mchanga wa kiwanja. Mviringo mkubwa mmoja, mistari munane, mtoto mmoja anasimama mwisho wa kila mstari. Mwalimu anaita, "Mkono wa tatu, pinda!" na ule mtoto anaruka. Haina gharama hata ya franka moja.

Kwa watoto wenye walikimbia vita

Kuna kazi moja yenye inaweza kufaa hapa: juu ya kila mkono wa pweza, mtoto anachora mtu ao kitu chenye kinamtia nguvu. Nyanya, rafiki, mpira, wimbo, mbwa. Usimlazimishe kujaza mikono yote munane. Mkono mtupu si kosa, na usimuulize mbele ya wengine sababu gani ni mtupu. Kama mtoto anachora bunduki ao moto mahali ulimuomba pweza, usimpige na usipasue karatasi. Mwache amalize, kisha mwambie tu, "Unaweza kuniambia juu ya mchoro wako, kama unapenda."

Ile habari ya mkono kuota tena, ichunge. Watoto wanaipenda sana. Lakini mu kikundi kunaweza kuwa mtoto mwenye alipoteza mkono ao mguu. Sema wazi kwamba mwili wa mtu haufanyi vile, na usiiseme sawa vile ahadi.

Kuchora kunapumzisha roho, lakini si matunzo ya hospitali. Mtoto mwenye halali, mwenye amenyamaza kabisa kwa wiki nyingi, ao mwenye anajiumiza, apelekwe kwenye kituo cha afya. Na picha za watoto na michoro yao, pamoja na majina na mahali wanakaa, zisitumwe mu WhatsApp ya kila mtu.

Vitu vya kukataza

Unga mweusi wa mapile ya radio na ya torshi. Hapa kwetu watu wengi wanautumia kwa kupaka ubao wa masomo, na watoto wanauchukua kwa rangi. Uko na madini yenye kuharibu mwili, zaidi yakiingia kwa pua ao mdomo kila siku. Makala inatosha kwa nyeusi.

Mafuta machafu ya moteri na rangi za zamani zenye zinabanduka ukutani.

Wembe mu mikono ya mtoto. Bila makasi, karatasi inakunjwa, inalowanishwa kidogo kwenye mkunjo, kisha inachanwa taratibu.

Shanga, vifungo na mbegu kwa macho ya pweza, kama mu nyumba kuna mtoto wa chini ya miaka 3. Anaweza kuvimeza ao kuvitia mu pua. Chora macho, inatosha.

Sashe juu ya kichwa, hata kwa kucheza dakika moja.

Na kubwa kuliko yote: mkiwatuma watoto kuokota vitu vya kutengenezea, waambieni waokote kartoni, chupa na vitambaa tu. Chuma chenye hawakijui, hata kidogo, hata kizuri, hata chenye rangi ya kuvutia, wasikiguse, wasikipige jiwe, wasikilete nyumbani. Wakumbuke pahali, waondoke, waite mtu mkubwa. Mu maeneo kwenye vita ilipita, bomu lenye halijapasuka linafanana na chombo cha kuchezea.

Kila umri na kazi yake

Miaka 2 na 3: kupaka rangi kwa vidole na maji ya manjano, na kuchapa vikombe juu ya udongo. Dakika 10 zinatosha.
Miaka 4 na 5: pweza wa mikono, pweza wa dirisha, na kuhesabu mikono kwa sauti.
Miaka 6 mpaka 8: pweza wa karatasi moja, pweza wa siri, na kuandika jina la kila sehemu ya mwili wake.
Miaka 9 na zaidi: pweza wa kikwembe, pweza wa kubadilika, na kuwafundisha wadogo.

Kazi ikiisha, uliza maswali mafupi, na umwache mtoto ajibu akishika pweza wake: Mikono ni ngapi? Mdomo uko wapi? Mioyo ni mingapi? Sababu gani damu yake ni ya bluu? Angekuwa mu ziwa letu, angeweza kuishi? Mtoto mwenye anajibu hayo amejifunza mnyama mwenye hajamuona hata siku moja, kwa kartoni, makala, na vidole vyake mwenyewe.